Simu ya Chama Isilie Bure

Ndugu wafanyakazi, mwenzetu akikatwa na mashine saa nane usiku, hupiga simu ofisi ya chama. Ofisi imefungwa, simu inalia mpaka inakatika. Tusimlaumu karani. Simu haikupewa amri.

Mtambo wa simu za ofisi huamriwa mambo matatu: simu iende wapi ikiwa laini inatumika, isipopokelewa, na baada ya saa za kazi. Mimi naona hili la tatu ndilo kubwa.

Tawi lenye simu ya mkono tu, kwenye mtandao wa GSM, libonyeze **61*, namba ya katibu wa zamu, kisha #, halafu lipige. Kufuta ni ##61#. Gharama ya kuhamisha simu hulipa chama, si majeruhi. Amri ijaribiwe jioni ileile, kwa kupiga kutoka shambani.