Moyo ukisimama, figo ina dakika ngapi?

Aprili 1933, katika mji wa Kherson nchini Ukraine, daktari mpasuaji Yuriy Voronoy alimpandikiza mwanamke wa miaka 26 figo ya marehemu. Mwanamke huyo alikuwa amekunywa sumu ya zebaki, na figo zake mwenyewe zilikuwa zimekwisha. Figo aliyowekewa ilikaa ndani ya mwili wa marehemu kwa saa 6 hivi kabla ya kutolewa, tena makundi ya damu hayakuoana. Aliishi siku mbili. Huo ndio upandikizaji wa kwanza wa figo kati ya binadamu na binadamu, na swali la zile saa 6 halijawatoka madaktari mpaka leo.

Figo ni kiungo kidogo, kiasi cha ngumi, lakini ulaji wake wa damu ni mkubwa mno. Figo mbili kwa pamoja hupitisha zaidi ya lita moja kila dakika, karibu moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo. Damu ikikatika, akiba ya nishati ndani ya seli huisha kwa dakika chache. Chumvi na maji huingia, seli huvimba, kisha huanza kufa.

Baridi huokoa. Figo ikishaoshwa kwa maji maalumu na kuhifadhiwa kwenye barafu, karibu nyuzijoto 4, mahitaji yake ya oksijeni hushuka hadi kama sehemu moja ya kumi. Kabla ya baridi hiyo zinahesabiwa dakika. Baada yake, saa.

Nchini Uingereza, figo nyingi za marehemu hutoka kwa watu waliokufa kwa kusimama moyo. Mara nyingi ni mgonjwa mahututi aliyeumia ubongo vibaya, ambaye madaktari na familia wamekwisha kukubaliana kwamba mashine ya kupumulia haimsaidii tena. Timu ya upandikizaji haina sauti katika uamuzi huo. Inakaa chumba kingine, vifaa vikiwa tayari, ikisubiri.

Mashine inaondolewa. Mwingine hufariki baada ya dakika 20, mwingine baada ya saa kadhaa, mwingine hufika kesho yake. Moyo unaposimama, daktari hubaki kando ya kitanda dakika 5 kamili akiangalia kama kuna pumzi au mapigo, na hakuna anayeruhusiwa kumgusa mgonjwa kwa ajili ya figo. Italia sheria inadai dakika 20. Dakika 5 si haba: utafiti wa wagonjwa 631 wa Kanada, Jamhuri ya Cheki na Uholanzi, uliochapishwa mwaka 2021, ulionyesha kuwa kwa baadhi yao moyo uliosimama uliamka tena kidogo, lakini haukuwahi kuamka baada ya kukaa kimya zaidi ya dakika 4 na sekunde 20. Wote walifariki.

Lakini timu isubiri hadi lini? Zamani wengi walihesabu saa moja tangu mashine iondolewe, kisha wakafunga vifaa na kurudi nyumbani. Madaktari wa Cambridge walijaribu kusubiri hadi saa 4, na figo walizopandikiza zikaongezeka kwa asilimia 30 hivi. Sababu yake ni nyepesi kuieleza, na inasikitisha kwamba ilichelewa kutumika: mgonjwa anaweza kukaa saa 3 bila mashine huku presha yake ikiwa ya kutosha kulisha figo. Hatari huanza pale presha ya juu inaposhuka chini ya 50. Kuanzia hapo ini huvumilia kama nusu saa tu. Figo huweza kufika saa 2. Ile saa moja ilikuwa mazoea, na kila timu ilipoondoka mapema, huenda watu wawili walibaki kwenye mashine ya kusafisha damu.

Hospitali ya Muhimbili nchini Tanzania, iliyoanza kupandikiza figo mwaka 2017, hutegemea ndugu aliye hai, hivyo figo hukosa damu kwa muda mfupi tu. Figo ya marehemu husafiri, na safari huigharimu. Takwimu za Uingereza zilizochapishwa mwaka 2013 zilionyesha kuwa figo za waliokufa kwa kusimama moyo zikikaa kwenye baridi zaidi ya saa 24, uwezekano wa kushindwa kazi huzidi mara mbili ya zile zilizokaa chini ya saa 12.

Hata zikiwahi, nyingi huanza zimelala. Mpokeaji anatoka chumba cha upasuaji akiwa na figo mpya, na bado anarudishwa kwenye mashine ileile ya kusafisha damu, siku kadhaa, pengine wiki. Muuguzi hupima mkojo kila saa: matone machache, kisha robo kikombe. Siku moja asubuhi mfuko unakutwa umejaa, na kiwango cha uchafu katika damu kinaanza kushuka.