Nyumba za Walemavu: Mambo Yaliyotokea Gauteng



Wazee wetu walisema, "Hujafa hujaumbika." Maana yake, mtu mzima wa leo asimcheke kilema, kwa sababu hajui yatakayompata kesho. Methali hii sote tuliikariri darasani. Lakini mahali pengi mtu mwenye ulemavu mkubwa, asiyeweza kusema wala kujilisha, hakai kwa jamaa zake. Huwekwa katika nyumba ya kulelewa, pamoja na wenzake mia au elfu. Je, huko nani humtazama?

Katika makala haya nataka kueleza jinsi watu wa namna hiyo wanavyoweza kuteswa, si na wezi wala majambazi, bali na watu wenye vyeo, kalamu na mihuri. Nitaeleza habari mbili: ya Marekani kwa ufupi, na ya Afrika ya Kusini kwa urefu.

Mwaka 1947 serikali ya jimbo la New York ilifungua nyumba kubwa iitwayo Willowbrook, katika kisiwa cha Staten Island, kwa ajili ya watoto na watu wazima wenye upungufu wa akili. Ilijengwa kwa watu 4,000, lakini kufika mwaka 1965 walikuwamo zaidi ya 6,000. Watumishi walikuwa wachache mno. Watu walikaa sakafuni, wengine uchi, katika uchafu wao wenyewe. Tena tangu miaka ya 1950 madaktari waliwaambukiza baadhi ya watoto homa ya ini kwa makusudi, ili wauchunguze ugonjwa huo. Seneta Robert Kennedy alifika mwaka 1965, akatoka na hasira na kuyasema wazi aliyoyaona, lakini mabadiliko yalikuwa madogo. Mwaka 1972 daktari mmoja aliyekuwa ameachishwa kazi humo alimwingiza mwandishi wa televisheni, Geraldo Rivera, pamoja na kamera yake. Hapo nchi nzima ikaona. Wazazi wakaenda mahakamani mwaka ule ule, mapatano yakafanywa mwaka 1975, na nyumba ile ikafungwa mwaka 1987.

Fundisho lililotoka huko ni kwamba watu hawa yafaa wakae katika nyumba ndogo, karibu na jamaa na majirani, wala si katika maghala ya wanadamu. Ni fundisho jema. Lakini neno jema likishikwa na mtu anayetafuta kupunguza gharama tu, laweza kuua. Ndivyo ilivyokuwa Gauteng.

Gauteng ni jimbo la Afrika ya Kusini lenye miji ya Johannesburg na Pretoria. Kwa miaka mingi serikali ya jimbo iliilipa kampuni iitwayo Life Esidimeni iwatunze wagonjwa wa akili wa muda mrefu na watu wenye upungufu mkubwa wa akili, ambao wengine wao walikuwa na kifafa pia. Mwezi wa Oktoba 2015 waziri wa afya wa jimbo, Bi. Qedani Mahlangu, alitangaza kwamba mkataba huo utakatizwa. Alitoa sababu mbili: kwanza, wagonjwa wapelekwe karibu na jamii, pili, fedha.

Tuiangalie hesabu yenyewe. Kampuni ililipwa randi 320 kwa siku kwa mtu mmoja. Vyama vya hiari vilivyopewa watu hao vililipwa randi 112, yaani karibu theluthi moja tu. Katika karatasi, serikali iliokoa randi 208 kila siku kwa kila mtu. Lakini katika zile 112 ilipasa kutoa chakula, nesi, blanketi, sabuni na mtu wa kukesha usiku. Nyumba nyingine hazikulipwa hata hizo kwa miezi kadhaa ya mwanzo.

Maonyo yalitolewa mapema. Madaktari wa akili waliandika barua. Jamaa za wagonjwa waliandamana, wakaenda na mahakamani. Hata hivyo kazi iliharakishwa, na kufika mwisho wa Juni 2016 watu zaidi ya 1,300 walikuwa wamekwisha hamishwa. Wengine walichukuliwa kwa pikapu, wengine wamefungwa kwa shuka. Ilielezwa baadaye kwamba baadhi ya wenye nyumba walikuja kuchagua watu kama wachaguavyo ng'ombe mnadani. Wengi walifika bila faili, bila vitambulisho, na bila dawa za kutosha. Jamaa hawakuambiwa ndugu zao wamepelekwa wapi, na wengine walizunguka kutoka nyumba hata nyumba wakiwatafuta. Vyama vilivyowapokea vilikuwa 27, na baadaye ikaonekana kwamba leseni zake zote hazikuwa halali.

Msomaji akumbuke kwamba kule Juni na Julai ni miezi ya baridi kali. Mtu asiyeweza kujifunika akiachwa bila blanketi, hushikwa na kichomi. Mwenye kifafa akikosa dawa zake, degedege humrudia mara kwa mara hata afe. Asiyeweza kuomba maji, asipopewa, hukauka mwilini. Kwa njia hizo watu wakaanza kufa, na kwa sababu hawakuweza kusema, hapakuwa na kelele. Mtu asiyeweza kusema "nina njaa" hawezi kupeleka mashtaka.

Mwezi wa Septemba 2016 waziri aliliambia baraza la jimbo kwamba waliokufa ni 36. Msimamizi wa malalamiko ya afya, Profesa Malegapuru Makgoba, akachunguza, na mwezi wa Februari 2017 akatangaza kwamba si chini ya 94. Waziri alijiuzulu wakati huo huo. Kisha jaji mstaafu Dikgang Moseneke akasikiliza jamaa na maofisa kwa miezi kadhaa. Uamuzi wake wa Machi 2018 ulisema waliokufa ni 144, na 44 hawakujulikana walipo. Aliamuru wadai walipwe randi 1,200,000 kila mmoja.

Sasa rudini kwenye hesabu yetu. Kwa kuokoa randi 208 kwa siku, ingechukua siku 5,769, yaani karibu miaka 16, kupata fidia ya mtu mmoja tu. Rahisi ni ghali. Na hiyo ni hesabu ya fedha. Mtu hana bei.

Mwezi wa Julai 2024 Jaji Mmonoa Teffo, aliyechunguza sababu za vifo hivyo, alitamka kwamba baadhi yake vilisababishwa na uzembe wa Bi. Mahlangu na wa Dkt. Makgabo Manamela, aliyekuwa mkuu wa idara ya afya ya akili katika jimbo.

Jambo linalonisumbua zaidi ni hili. Waliofanya kazi hiyo walikuwa watu waliosoma. Baadhi yao walieleza kwamba waliogopa kumpinga waziri. Kila mmoja alitia sahihi kipande chake kidogo, akampelekea mwenzake. Sisi tuliotoka shule hii, wengi wetu tumo maofisini, na ninyi mlio madarasani mtatufuata. Siku moja karatasi ya namna hiyo yaweza kuletwa mezani pako. Basi usiitie sahihi mpaka umeuliza watu wenyewe watalala wapi, na nani atawalisha.

Nchi zetu nazo zimejifunga kwa sheria. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu ulipitishwa mwaka 2006. Kenya na Uganda ziliuridhia mwaka 2008, na Tanzania mwaka 2009. Kifungu cha 19 chasema mlemavu ana haki ya kuishi katika jamii kama wengine. Kifungu cha 16 chataka nyumba za kuwatunza zikaguliwe na watu wasiotegemea wenye nyumba. Lakini sheria haina macho. Macho ni yetu.

Desturi yetu wanafunzi ni kwenda katika nyumba hizo wakati wa sikukuu na sukari na sabuni, kuimba, kupigwa picha na kurudi. Si vibaya. Lakini yafaa tuende na siku zisizo za sikukuu, tena tuulize kwa adabu: Usiku wanabaki watumishi wangapi? Juzi walikula nini? Dawa za kifafa zipo? Kila mtu ana jina na faili lake? Jamaa zake wanajua alipo? Mkaguzi alikuja lini? Mwenye nyumba njema atafurahi kujibu. Asiyetaka kujibu, habari zake zipelekwe kwa ofisa wa ustawi wa jamii, na zipelekwe tena mpaka zisikilizwe.

Na aliye na ndugu huko asimwache. Kule Gauteng ukweli haukutolewa na ofisi. Ulitolewa na akina mama, baba na dada waliozidi kuuliza, "Ndugu yetu yuko wapi?"

Ni mimi,
Mwanafunzi wa Zamani