Sola ya gari la porini haikamiliki bila chaji kontrola

Gridi ya taifa ilipofika Kigoma mwaka 2022, baada ya miji ya mkoa huo kuishi na majenereta ya dizeli kwa miaka mingi, wako waliodhani sola imemaliza kazi yake. Haijamaliza. Mrina asali wa Kibondo anayeingia misitu ya upande wa Moyowosi na kulala huko hafuatwi na nguzo. Anataka taa usiku, simu yenye chaji, na gari litakalowaka asubuhi.

Jua la nyanda hizi linamtosha. Kinachomwangusha ni kifaa kidogo ambacho watu hukiruka dukani ili kubana gharama: chaji kontrola.

Paneli inayouzwa kuwa ya volti 12 hufanya kazi kwenye volti 18 hivi, na isipounganishwa na kitu hupanda hadi 21 au zaidi. Betri ya risasi na asidi inataka kuchajiwa kwa volti 14.4 hivi, kisha ishikiliwe kwenye 13.6. Ukiiunga na paneli moja kwa moja, hata ikijaa paneli itaendelea kuisukuma. Maji yanapungua, sahani zinabaki wazi, na inatoka haidrojeni, hewa inayolipuka ikikutana na cheche. Humo garini wanalala watu!

Kazi ya kontrola ni kukaa kati ya paneli na betri na kuzuia hayo. Ziko inveta zenye kontrola ndani yake. Bado napendelea ya peke yake. Ikifa, unabadilisha hiyo tu. Tena unaifunga jirani na betri, ikasoma volti halisi, si zile zilizopungua njiani kwenye waya mwembamba. Kwa paneli ya wati 100, inayotoa ampea 5 hadi 6, kontrola ya ampea 10 inatosha. Ila ukipandisha juu ya gari paneli kubwa ya nyumbani, ya volti 30 na kuendelea, kontrola ya kawaida ya PWM itaishusha hadi volti za betri na zaidi ya nusu ya wati itapotea. Hapo nunua kontrola ya aina ya MPPT, isiyozipoteza wati hizo, japo bei yake inauma.

Taa na simu zipewe betri yake, mbali na ile ya kuwashia injini. Weka fyuzi karibu na betri. Wakati wa kufunga, kontrola iunganishwe na betri kwanza, ndipo paneli ifuate. Wakati wa kufungua, paneli itangulie kutoka. Na kiangazi, vumbi na majivu ya mbuga zinazochomwa yanapotanda juu ya paneli iliyolazwa bapa, ifute kwa kitambaa chenye maji kila asubuhi kabla jua halijaipasha moto.