Kazi ya Nakivale, kazi ya Mbarara

[Muziki wa kipindi unapanda, kisha unashuka]

MTANGAZAJI: Mlioko Base Camp, Juru na Rubondo, karibuni. Swali linalotufikia mara nyingi ni hili: niache shamba langu niende Mbarara kutafuta kazi? Leo hatujibu ndiyo wala hapana. Tunaeleza kazi za huku na za kule zinavyotofautiana, ili usipande gari bila kujua unakokwenda.

Kwanza sheria. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006, pamoja na kanuni zake za 2010, inampa mkimbizi haki ya kutembea nchini na kuajiriwa. Lakini mwajiri wa mjini huenda hajawahi kusikia habari hiyo. Mwonyeshe kitambulisho chako cha mkimbizi na umweleze kwa upole.

Hapa Nakivale kazi nyingi ni leja leja. Unalima shamba la mtu, unalipwa kwa siku au kwa kipande, pengine kwa maharage. Mnaelewana kwa mdomo. Kazi hiyo inafuata mvua. Kiangazi kikifika, hakuna anayekuita. Madukani watu huajiri jamaa zao kwanza. Fundi cherehani anashona kwa deni kwa sababu anajua mlango wa mteja wake. Hapa jina lako ndilo cheti chako.

Kwenye mashirika mambo ni mengine: tangazo ubaoni, barua ya maombi, Kiingereza, diploma. Diploma ya sekondari kutoka Kongo au Burundi inalinganishwa na UNEB; ya chuo kikuu, na NCHE. Ofisi hizo ziko Kampala, kwa hiyo anza mapema, usingoje tangazo litoke. Na tusikilizane vizuri hapa: nafasi ya kazi haiuzwi. Anayekudai pesa ili akuingize kazini anakuibia.

[Muziki mfupi]

Sasa Mbarara, ambayo ni jiji tangu Julai 2020. Nchi ya Ankole ni nchi ya ng'ombe, na Mbarara ina viwanda vya maziwa. Kiwandani saa ni saa, na usafi hauna mjadala. Mshahara nao una makato. Mfuko wa NSSF unachukua asilimia 5 kutoka kwako, na mwajiri anaongeza asilimia 10 yake. Ukiahidiwa shilingi 300,000, basi 15,000 zinaenda NSSF, na kuna kodi ya mshahara. Uliza mapema: pesa hiyo ni kabla ya makato au baada yake?

Kwenye ujenzi hakuna anayeuliza diploma. Unafika alfajiri, msimamizi anachagua watu, na mwashi anapimwa kwa ukuta wake. Patana bei kabla ya kushika mwiko. Andika siku zako kwenye daftari, maana Jumamosi ya malipo kumbukumbu za watu huwa fupi.

Hotelini na dukani, lugha ndiyo mlango. Ukisalimiwa "Agandi", jibu "Ni marungi". Wanaosema Kinyarwanda watashika Kinyankole haraka. Kiswahili usianze nacho. Kwa miaka mingi Waganda wengi wamekiona kuwa lugha ya askari, na mwenye duka anaweza kushtuka bure.

Halafu piga hesabu. Kwa mfano, umepata kibarua cha 15,000 kwa siku, siku nne kwa wiki: ni 60,000. Toa kodi ya chumba, toa chakula cha kila siku, hata siku zile tatu ambazo hukuitwa. Kinachobaki kinazidi ulichokuwa unapata hapa, ambapo una kiwanja na mboga? Kumbuka pia kwamba msaada unatolewa hapa settlement, na anayekosa uhakiki anaweza kusimamishiwa jina lake. Ndiyo maana familia nyingine hazihami zote. Mmoja anakwenda mjini wakati wa kiangazi, anarudi mvua zikianza, na wengine wanabaki kulinda kiwanja na kadi.

Ukiamua kwenda, pita kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji chako akuandikie barua. Mwenyekiti wa LC1 wa mtaa utakaopanga atakuuliza umetoka wapi, na ni vizuri awe na cha kusoma.

[Muziki wa kufunga]