Paa Bapa Matai: Kifuniko Gani Kinadumu?

Paa linaloitwa bapa lazima liwe na mteremko, na likiukosa hakuna kifuniko kitakacholiokoa. Kwa paa la zege, kipimo kizuri ni sentimita 2.5 kwa kila mita moja, ili hata fundi akikosea kidogo wakati wa kusawazisha, mteremko usishuke chini ya sentimita 1.25. Nyumba yenye upana wa mita 8, inayoelekeza maji upande mmoja, itakuwa na tofauti ya kimo ya sentimita 20 kutoka ukingo hadi ukingo. Anayepita barabarani hataiona, kwa sababu ukuta wa ukingoni umeificha.

Mapaa ya namna hiyo yalikuwepo nchini tangu zamani. Wagogo waliezeka tembe zao kwa miti na udongo, na ziliwafaa kwa kuwa Dodoma mvua ya mwaka mzima kwa kawaida haifiki milimita 600. Zanzibar, mapaa ya nyumba nyingi za Mji Mkongwe yalijengwa kwa boriti za mikoko, mawe na chokaa iliyopondwapondwa mpaka ikashikana. Mvua za pwani ziliyashinda mapaa hayo, na baadaye mengi yakafunikwa kwa bati juu yake. Ufipa, ambako nyumba za asili ziliezekwa kwa nyasi na kusimamishwa mapaa makali, hakuna aliyejaribu.

Siku hizi wanajaribu. Matai, mji wa Ufipa mkoani Rukwa na makao makuu ya Wilaya ya Kalambo iliyoanzishwa mwaka 2012, unajengwa, na mtindo wa nyumba zenye paa la kuficha umefika kama ulivyofika miji mingine ya Tanzania. Hali ya hewa ya huko haina huruma kwa paa la aina hii. Mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili, kisha hufuata miezi ya ukavu, upepo na jua. Uwanda wa Ufipa uko juu, sehemu kubwa ikizidi mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo mionzi ya jua ni mikali kuliko pwani hata siku hewa inapokuwa baridi. Mwezi Juni na Julai usiku ni wa kutetemeka, na mchana jua huchoma. Zege lenye urefu wa mita 10 hutanuka kwa takriban milimita 2 joto lake likipanda kwa nyuzi 20, kisha hunywea usiku. Kifuniko kisichoweza kunyumbuka hupasuka.

Ndiyo maana ripu ya saruji, hata ikichanganywa na dawa ya kuzuia maji, haitoshi ikiwa peke yake. Lami ya kupaka nayo ni ya bei nafuu na hushika vizuri mwanzoni, lakini ikiachwa wazi juani hukauka, hukakamaa na kuchanika. Wanaoitumia wangepaswa kuifunika, na wengi hawafanyi hivyo.

Kinachodumu zaidi juu ya zege ni mkeka wa lami unaobandikwa kwa moto wa gesi. Huuzwa kwa marobota, kwa kawaida yenye upana wa mita 1 na urefu wa mita 10, wenye unene wa milimita 3 au 4. Zege hufagiwa, huachwa likauke kabisa, hupakwa lami nyepesi ya kushikisha, ndipo mkeka unapoyeyushwa upande wa chini na kukandamizwa. Mkeka mmoja hulalia mwenzake kwa sentimita 10 ubavuni na 15 mwishoni, kisha hupandishwa ukutani kwa angalau sentimita 15. Ukibandikwa juu ya zege lenye unyevu, jua hugeuza unyevu huo kuwa mvuke na mkeka huvimba malengelenge. Kwa hiyo Matai kazi hii ni ya kati ya Juni na Oktoba. Tabaka la juu lichaguliwe lenye chembe za mawe, au lipakwe rangi nyeupe ya kurudisha jua. Kwa kuwa fundi anayejua kazi ya moto wa gesi huenda akalazimika kutoka Sumbawanga au Mbeya, nauli na malazi yake viingizwe kwenye hesabu mapema.

Rangi nzito za mpira, zinazopakwa kwa brashi au rola, ni rahisi kwa fundi wa kawaida na zinanyumbuka. Zipakwe mara mbili au tatu, kitambaa cha nyuzi kikilazwa katikati hasa kwenye kona. Udhaifu wake ni kwamba zinahitaji kurudiwa kila baada ya miaka kadhaa, na nyingi haziwezi kuvumilia maji yaliyotuama. Karatasi za mpira zinazotumika sana Ulaya na Marekani ni nzuri, ila kwa mjenzi wa Rukwa bado ziko mbali.

Kuna wanaomwaga zege na kuacha nondo zimesimama, wakitumaini kupandisha ghorofa siku moja. Siku hiyo huchelewa, na maji hushuka kando ya kila nondo. Dawa ni kuzungushia kila fungu la nondo kizingiti kidogo cha zege na kupandisha kifuniko hadi juu yake. Simtanki, dishi na miguu ya sola navyo viwekwe juu ya vitako vya zege vilivyofunikwa, visifungwe kwa kutoboa paa lililokwisha kuzibwa.

Kwa nyumba isiyohitaji ghorofa, bati lililofichwa nyuma ya ukuta ni chaguo la busara zaidi Matai: ni jepesi, ni nafuu na kila fundi analijua. Bati la migongo mipana linahitaji mteremko wa nyuzi 5 kwa uchache, yaani karibu sentimita 9 kwa kila mita. Linunuliwe lililokatwa kwa urefu wa paa zima ili lisiwe na kiungo katikati. Geji 28 ni nene kuliko geji 30, na kwenye uwanda wenye upepo kama Ufipa unene huo si anasa. Lifungwe kwa skrubu zenye mpira, maana misumari hulegea upepo ukilinyanyua bati mara kwa mara. Ripu ya ukuta wa ukingoni imalizwe kabla ya kuezeka, kwa kuwa saruji mbichi ikidondokea bati hula ngozi yake ya zinki.

Lakini paa hili huvujia kwenye mfereji uliopo kati ya bati na ukuta. Mvua ya milimita 50 juu ya paa la mita za mraba 120 huleta lita 6,000, na zote hupita hapo. Mfereji uwe na upana wa sentimita 30 ili mtu aweze kuingiza mguu na kuusafisha, uwe na mabomba mawili ya kutolea maji, na tundu la dharura ukutani, juu kidogo ya mabomba, ili jani likiziba maji yasiingie sebuleni. Juu ya ukuta wenyewe iwekwe kofia ya zege au ya bati inayoinamia ndani. Ukuta usio na kofia hunywa maji, na mwenye nyumba hulaumu bati.

Paa la zege lililofunikwa hupimwa kwa kuziba mabomba na kulijaza maji kina cha sentimita 2 hadi 5 kwa saa 24, ikiwa zege limejengwa kuhimili uzito huo. Sentimita 5 za maji ni kilo 50 kwa kila mita ya mraba. Fundi asilipwe fedha ya mwisho kabla ya jaribio hilo, na kila Oktoba, kabla mvua hazijaanza, mwenye nyumba apande akasafishe mifereji na kukagua kona.