Usingizi wa Njiti na Kitanda cha Mama

Mtoto njiti hutumia sehemu kubwa ya siku akiwa usingizini, na ni humo usingizini ubongo wake unapoendelea kujengeka. Tumboni alikuwa gizani. Wodini anakutana na taa, vifuniko vya ndoo za taka vinavyobamizwa, na king'ora cha mashine ya kupima oksijeni kinacholia hata mguu ukitikisika tu.

Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kilishauri tangu 1997 kwamba kelele katika wodi za njiti zisizidi desibeli 45, yaani chini ya sauti ya watu wawili wanaozungumza kawaida. Mwongozo mzuri. Lakini tazama kazi inavyokwenda. Muuguzi anafungua inkubeta kupima joto. Mtoto hajatulia vizuri, daktari anafika kuchukua damu. Kisha inakuja zamu ya maziwa kwa mpira. Kila mmoja ametimiza wajibu wake, na mtoto ameamshwa mara tatu. Kazi hizo zingeweza kufanywa kwa mkupuo mmoja, ila pale muuguzi mmoja anapohudumia watoto wengi, kila kazi hufanyika nafasi inapopatikana. Bango la "Kimya tafadhali" halitamwongezea mikono.

Kwa maoni yangu, mipango mingi imesahau mahali ambapo njiti hulala vizuri zaidi: kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, amefungwa kwa kitenge. Njia hii ya kangaroo ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, inkubeta zilipokuwa hazitoshi. Akiwa kifuani mtoto hushtuka mara chache zaidi, na joto lake halishuki kirahisi.

Shirika la Afya Duniani liliratibu jaribio la njia hii katika hospitali tano za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, Muhimbili ikiwemo. Watoto wa kilo 1 hadi chini kidogo ya 1.8 waliwekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri hali zao zitengemae. Matokeo yalichapishwa 2021: vifo ndani ya siku 28 vilikuwa asilimia 12.0, dhidi ya 15.7 kwa waliotunzwa kwa utaratibu wa zamani. Jaribio lilisitishwa mapema kwa kuwa faida ilikwisha kuonekana.

Hospitali hizo hazikuishia kutoa agizo. Ziliingiza vitanda vya kina mama ndani ya wodi ya watoto wachanga mahututi, na mzazi akahudumiwa humo humo, hata aliyetoka kupasuliwa. Mama alipochoka, ndugu aliyechaguliwa alimpokea mtoto. Watoto hao walikaa kifuani takribani saa 17 kwa siku. Mama akipewa benchi la mbao na ruhusa ya kuingia saa ya kunyonyesha tu, saa hizo hazipatikani.

Kwa hiyo ninyi mnaopanga bajeti za wodi za njiti: kabla ya kuagiza inkubeta nyingine, hesabuni kwanza vitanda vya kina mama, chakula chao na choo kilicho karibu.