MLDonkey na Wenzake: Programu Moja ya Kugawana Mafaili Katika Mitandao Mingi

MLDonkey ni programu huria ya kugawana mafaili moja kwa moja kati ya kompyuta na kompyuta, bila mafaili hayo kuwekwa kwenye ghala la kampuni yoyote. Ilianza kuandikwa mwaka 2001 nchini Ufaransa na Fabrice Le Fessant, mtafiti wa taasisi ya INRIA, kwa OCaml, lugha ya kompyuta iliyozaliwa katika taasisi hiyohiyo. Jina lake linatokana na mtandao wa eDonkey, ambao ndio iliuhudumia kwanza. Sifa yake kubwa ilikuja baadaye kidogo, ilipojifunza pia BitTorrent, Gnutella, FastTrack, Direct Connect na Kademlia, yote ndani ya programu moja.

Haja ya programu ya namna hiyo ilitokana na vurugu za miaka ile. Napster, iliyoanzishwa Marekani na Shawn Fanning mwaka 1999, iliziacha nyimbo kwenye kompyuta za wenyewe, lakini orodha ya nani ana wimbo gani ilikaa kwenye seva za kampuni. Wanamuziki na makampuni ya muziki wakaishtaki, na Julai 2001 seva zikazimwa. Zilipozimwa, hakuna aliyeweza tena kumpata mwenzake, ingawa nyimbo zenyewe hazikuwa zimeondoka popote.

Waliofuata walijitahidi kuukwepa udhaifu huo. Machi 2000 Justin Frankel na Tom Pepper walitoa Gnutella, mtandao usio na seva kuu kabisa. AOL, iliyokuwa ikimiliki kampuni yao, iliiondoa siku iliyofuata, lakini nakala zilikwishasambaa na watu wengine wakafumbua namna inavyofanya kazi. Mwaka huohuo Jed McCaleb akaleta eDonkey2000. Mwaka 2001 ikaja FastTrack, iliyojulikana zaidi kupitia Kazaa, kisha BitTorrent ya Bram Cohen. Kila mtandao ulikuwa na taratibu zake za kusalimiana, kuulizana na kupeana, na programu ya mmoja haikuelewa chochote cha mwingine. Mtu aliyetaka kufika kote alilazimika kufungua programu nne au tano kwa pamoja, kila moja ikila kumbukumbu ya kompyuta na kugombea laini ileile nyembamba ya intaneti.

Mfano wa karibu upo Isaka, mkoani Shinyanga. Pale, kwenye njia ya reli ya Tabora hadi Mwanza, ndipo ilipo bandari kavu ambako mizigo iliyotoka Dar es Salaam kwa treni hushushwa na kupakiwa kwenye malori ya kwenda Rwanda na Burundi. Reli na barabara zina sheria tofauti, vyombo tofauti na wafanyakazi tofauti, ila mwenye kontena hahitaji kuzijua zote. Programu ya mitandao mingi inashika nafasi hiyo: inajua taratibu za kila njia ili mwenye mzigo asihangaike nazo.

Undani wake unaonekana vizuri MLDonkey inapofunguliwa. Kwanza haina dirisha la kupendeza. Sehemu yake kuu hufanya kazi kimyakimya nyuma ya pazia, hata kwenye kompyuta ya zamani isiyo na skrini, na mtumiaji huiendesha kupitia kivinjari kwa kuandika anwani ya kompyuta hiyo na namba 4080. Amri zake ni fupi mno. Herufi s ikifuatwa na neno hutuma ombi la kutafuta, vr huonyesha majibu yaliyorudi, d na namba ya jibu huanza kupakua, na vd huonyesha kila upakuaji umefika wapi. Faili lisilokamilika hukaa kwenye folda ya muda, na likikamilika huhamishiwa kwenye folda ya vilivyoingia. Mtu anaweza kuiacha ofisini na kuiangalia akiwa kwenye kompyuta nyingine kabisa.

Faili kubwa halisafirishwi zima. Katika mtandao wa eDonkey hukatwa vipande vya baiti 9,728,000 kila kimoja, hivyo filamu ya megabaiti 700 huwa na vipande 76. Kila kipande hupigiwa hesabu inayotoa alama yake ya utambulisho, iitwayo hashi, na alama hizo zote huunganishwa kutoa alama ya faili zima. Kipande kikifika, programu hurudia hesabu hiyo. Alama zikipishana, kipande hutupwa na kuombwa upya, pengine kwa mtu mwingine. Kwa utaratibu huo mtu mmoja anaweza kupokea vipande kutoka kwa watu ishirini asiowajua wala kuwaamini, na bado akapata faili lilelile alilolitaka. Na aliyepokea kipande cha kwanza anaanza kukigawa kabla hajapata cha mwisho. Hilo ndilo jambo zuri kuliko yote katika teknolojia hii, kwa sababu faili linalotafutwa na wengi huwa jepesi zaidi kupatikana, wakati seva moja hulemewa wateja wanapoongezeka.

Ugumu ni kwamba kila mtandao huhesabu alama kwa njia yake. Shareaza, programu ya Windows iliyoandikwa na Michael Stokes na kufanywa huria Juni 2004, ilitatua tatizo hilo kwa kupiga hesabu za aina kadhaa kwa kila faili. Kwa hiyo iliweza kutambua kwamba faili lililoko Gnutella na lile lililoko eDonkey ni kitu kimoja, na kulivuta kutoka pande zote kwa pamoja. Wengine walikumbana na milango iliyofungwa. Waandishi wa giFT, programu nyingine ya aina hii, walianza kwa kuchunguza FastTrack, mtandao ambao taratibu zake zilifichwa kwa makusudi na wamiliki wake. Njia waliyoipata ilizibwa, wakageuka na kujenga mtandao wao wenyewe, OpenFT.

Uhuria wa programu hizi ndio uliozipa maisha marefu. Mwaka 2006 kampuni ya eDonkey2000 ilifunga kazi na kukubali kulipa dola milioni 30. LimeWire, programu ya mtandao wa Gnutella, ilizimwa kwa amri ya mahakama mwaka 2010. MLDonkey, pamoja na eMule, programu nyingine ya mtandao wa eDonkey iliyoanza mwaka 2002, hazikuwa na kampuni inayouza chochote, na msimbo wao ulikuwa mikononi mwa yeyote anayetaka kuuendeleza. Shareaza ilipata pigo la aina nyingine: mwishoni mwa 2007 anwani yake ya intaneti iliangukia kwa watu wengine, wakaweka hapo programu tofauti yenye jina lilelile. Waandishi wa kujitolea walihamia anwani nyingine na kuendelea, maana walichopoteza ni jina la mlangoni tu.

Katika ukanda wa Shinyanga na Geita programu hizi hazikuwahi kuota mizizi, na sababu zake ni za wazi. Tanzania ilipata mkongo wa kwanza wa baharini, SEACOM, mwaka 2009. Kabla ya hapo mawasiliano na nje yalitegemea setilaiti, ghali na ya polepole. Mkongo wa Taifa ulipofika mikoani, wengi waliingia intaneti kwa simu na bando la kulipia kabla. Bando hukatwa kwa kinachopakuliwa na kwa kinachopakiwa pia, kwa hiyo kumgawia mtu wa mbali kipande cha faili ni kumlipia.

Kuna kikwazo kingine kisichoonekana. Mara nyingi kampuni ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya intaneti, na kompyuta ya nje haiwezi kuanzisha mawasiliano na simu au laptopu iliyo nyuma yake. Mtandao wa eDonkey humpa mtu wa namna hiyo namba ya chini, iliyo chini ya 16,777,216, na wawili wenye namba za chini hawawezi kupeana faili moja kwa moja. Yaani watu wawili wa Kahama, kila mmoja na modemu yake, wangeonana kwenye orodha na wasiweze kusaidiana.

Ugawanaji wenyewe haukukosekana. Ulipita njia nyingine. Kwenye stendi na masokoni, nyimbo na muvi huingizwa kwenye flashi na memori kadi kwa malipo madogo, na simu hurushiana mafaili kwa Bluetooth au programu ya Xender bila kugusa bando. Huko nako kazi ya msanii huzunguka bila yeye kupata chochote, na hilo ni dhuluma hata likifanywa na vijana wasio na nia mbaya. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayosimamiwa na COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, inakataza kunakili na kusambaza kazi ya mtu bila ridhaa yake, kwa flashi au kwa intaneti. Programu yenyewe haina kosa. Kosa liko kwenye kinachogawanwa.

Vitu halali vya kugawana vipo vingi. Debian na Ubuntu, mifumo huria ya kuendeshea kompyuta, hutolewa na wenyewe kwa torenti, yaani kupitia BitTorrent, na vilevile LibreOffice, programu huria za kazi za ofisi. Kiwix hutoa Wikipedia nzima, ya Kiswahili ikiwemo, kama faili moja la kusomwa bila intaneti. Shule yenye kompyuta ishirini haihitaji kununua bando mara ishirini. Programu za BitTorrent kama Transmission na qBittorrent zina uwezo wa kugundua wenzao walio kwenye mtandao wa ndani wa jengo. Kompyuta moja ikishapakua kwa bando la usiku, nyingine huvuta vipande kutoka kwake kupitia ruta ya shule, kwa kasi ya waya na bila kutumia data.